Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Shamba la Mtaa, Mukuru, 2025

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Nawashukuru mliofika, hasa akina mama waliotangulia kufagia ukumbi na kupanga viti.

Kazi za msimu mnazijua, sitawachosha nazo. Tulitifua Februari, tukaandaa kitalu Machi, na mvua ndefu ziliposhika tukapandikiza sukuma wiki na spinachi, tukasia managu, terere na kunde. Magunia 30 yalijazwa udongo na kugawiwa wazee na wagonjwa wasioweza kuinama. Afisa wa kilimo wa kaunti alikuja mara mbili akatuonyesha jinsi ya kupanga mboji kwa tabaka. Mvua fupi za Oktoba zimetukuta na matuta 14, yote yana mboga. Hayo yatoshe.

Nije kwenye jambo lenyewe: pampu. Nimesikia yanayosemwa kwenye foleni ya maji, kwamba mwenyekiti aling'oa chakula cha watu na kuuza mali ya kikundi bila ruhusa. Afadhali niyajibu hapa mbele yenu kuliko kuyaacha yazunguke vichochoroni.

Kwa miaka minne tulimwagilia kwa maji ya mto Ngong. Mimi ndiye niliyepigania pampu ile inunuliwe, kwa hiyo asiseme mtu kwamba niliichukia. Asubuhi moja ya Januari nilishuka mtoni kuiwasha. Kwenye mdomo wa mpira povu lilikuwa limesimama kimo cha goti, zito, la rangi ya zambarau, na maji chini yake yalinuka kama rangi ya mafuta. Nilipouinua mpira mkono ulianza kuniwasha, ukaniwasha hadi jioni. Nilipopanda juu nikamkuta mtoto wa mwanachama mwenzetu amechuma dania tutani, anaitafuna vivi hivi, mbichi. Siku hiyo sikumwagilia.

Kuna wanaosema mboga zinapikwa na viini vya magonjwa vinakufa. Viini, ndiyo. Lakini risasi, ile metali ya sumu, haifi kwa moto. Watafiti wamewahi kupima mboga zilizomwagiliwa kwa maji ya mito ya Nairobi, wakakuta humo risasi na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Nilipoyajua hayo ningewezaje kusimama sokoni Jumamosi na kumuuzia mama mwenye mtoto mgongoni?

Mnasema hamkuulizwa. Niliitisha mkutano wa dharura mara mbili mwezi huohuo. Wa kwanza walikuja watu 9, wa pili 11. Akidi yetu ni 24. Kifungu cha tisa cha katiba yetu kinairuhusu kamati tendaji kuchukua hatua afya ya wanachama inapokuwa hatarini, kisha iueleze mkutano mkuu. Tulikaa watano, wanne tukakubaliana. Tukang'oa mboga zote za bondeni, matuta 22, na kuhamia huku juu kando ya kanisa, ambako maji ya mto hayajawahi kufika. Matuta yamepungua, hilo ni kweli. Lakini mafuriko ya Aprili na Mei 2024 mliyaona wenyewe, na mliona jinsi serikali ilivyoamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Bonde lile halikuwa la kutegemewa.

Moja nalikubali. Ujumbe wa kung'oa niliutuma saa nne usiku, na asubuhi tulikuwa shambani na majembe. Mama mmoja alifika akakuta sukuma yake, ambayo angeichuma wiki ile kulipia karo, imelala mizizi juu. Hakusema neno. Aliokota mashina mawili akaenda zake. Kwake na kwa wengine 7 walioumia hivyo, naomba radhi. Tulipaswa kuwafikia mlangoni, mmoja mmoja.

Pampu tuliiuza shilingi 16,000 kwa fundi wa ujenzi anayenyonya maji kwenye misingi ya nyumba. Si ndugu yangu wala si rafiki yangu. Risiti iko kwa mweka hazina, aombe kuiona anayetaka.

Wazo la tangi lilikuwa langu, na nililifuatilia kwa miguu yangu hadi wazee wa kanisa wakakubali tuvune maji ya paa lao. Paa lile lina mita za mraba karibu 120. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inatupa lita 4,800, na tangi letu ni la lita 5,000. Kila tuta likipewa mitungi miwili ya lita 20 kwa siku, maji hayo yanatufikisha siku nane au tisa. Kiangazi tunanunua kwenye kioski, na hapo ndipo fedha zinapoishia.

Fedha, basi. Ada shilingi 61,800, pampu 16,000, mauzo ya mboga 23,400, jumla 101,200. Tangi, mifereji na fundi 52,500, maji 17,200, mbegu, miche na samadi 13,900, mlinzi 12,000, jumla 95,600. Zimebaki 5,600. Tuko wanachama 46, ada ni 200 kwa mwezi, tulipaswa kukusanya 110,400. Shilingi 48,600 ziko mifukoni mwenu. Waliomaliza mwaka bila deni ni 19. Majina ya wengine sitayasoma leo.

Na kazi ya Jumamosi? Siku ya kupandikiza tulikuwa 31. Julai, baridi imebana na vidukari wamejaa chini ya majani ya sukuma, tulikuwa 3: mimi, mweka hazina, na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Tuligeuza jani moja moja, tukilifuta kwa maji ya sabuni na kunyunyiza majivu, tangu saa mbili hadi vidole vikafa ganzi. Agosti mavuno yalipokuja, foleni ya kugawiwa ilifika barabarani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tungependa tangi la pili, na udongo wetu upimwe. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Tutajaribu kuona kama kuna msaada wowote kwa vikundi kama chetu. Vijana nao wamegusia ufugaji wa sungura, tutalizungumza.

Ufunguo wa tangi uko kwa katibu. Mwenye deni amwone mweka hazina kabla hajatoka ukumbini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti