Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: msiwaache wauguzi wapya peke yao

Kwako Daktari,

Kwa umri, wewe ndiye wa kuniamkia. Kwa cheo, acha nitangulie mimi: shikamoo, na karibu mkoani kwetu.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nilianza na cheti, nikaongeza stashahada nikiwa kazini, na leo ni mfawidhi wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya ambacho sitakitaja. Ninayoyasema ni ya vituo vingi. Isitoshe, kazi yangu bado naipenda.

Mwaka juzi aliletwa binti mmoja, ajira mpya, katika zahanati iliyo mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda kutoka kwetu. Hapo nasema kiangazi. Masika ni habari nyingine. Alikabidhiwa funguo, kabati la dawa na rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za afya. Mganga wa zahanati alikuwa likizo ya uzazi. Aliyebaki naye ni mhudumu wa afya mmoja, mama mtu mzima mwenye moyo, lakini hakusomea ukunga. Kabla hajapanda pikipiki nilimpa namba yangu ya simu. Hakuna mwongozo ulionituma kufanya hivyo, nilimwonea huruma tu.

Wiki ya sita, saa nane usiku, simu ikaita. Mama amejifungua, kondo la nyuma limetoka zima, lakini damu haikati. Nikamwuliza mfuko wa uzazi ukoje akiugusa. Akanijibu, "Laini mama, kama unga uliozidiwa maji." Oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, umechoma? Nimechoma. Kibofu je? Akanyamaza. Kibofu kikijaa mfuko wa uzazi haukazi vizuri, naye alikuwa amekisahau. Shuleni alikijua na mtihani alifaulu, lakini usiku ule, na damu ile, kilimtoka kichwani. Basi simu ikawekwa spika, tukaenda hatua kwa hatua: weka mpira wa mkojo, tundika dripu, mkono tumboni ukande wala usiache, mhudumu apige 115 gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wazazi, lije. Mtandao haukukatika. Mpaka leo sijui nimshukuru nani kwa hilo. Gari lilifika alfajiri. Mama yule yu hai, na mwanawe sasa anakimbiza kuku.

Wiki tatu baadaye timu ya usimamizi shirikishi ikafika pale zahanati. Walikagua jokofu la chanjo, wakahesabu dawa, wakauliza ratiba ya zamu. Ratiba ya zamu ya mtu mmoja, Daktari! Kwenye kitabu cha wageni wakaandika kwamba usafi uboreshwe na ratiba ibandikwe ukutani. Saini tatu, gari likaondoka. Hakuna aliyemwuliza ni lini mara ya mwisho alizuia damu, na alipoizuia alikuwa na nani. Siwasemi vibaya wenzetu wale. Walikuwa na fomu ya kujaza, na fomu haikuwa na swali hilo.

Najua jibu la kawaida: tutawaita semina. Semina nimehudhuria nyingi. Chai huwa nzuri, posho inasaidia ada za watoto, na cheti nakiweka kwenye faili. Nikirudi kazini, wodi ni ile ile na mikono yangu ni ile ile. Wenzetu wa Haydom, kule Mbulu, walilipima jambo hili wala hawakulikisia. Waliwafundisha wakunga kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Kwa mwanasesere wa mazoezi waliimarika kweli. Leba, kwa watoto wenyewe, utendaji haukubadilika. Matokeo hayo yalitoka 2013. Wakageuza mbinu: mazoezi mafupi ya dakika chache, tena na tena, pale pale kazini. Hapo vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vikashuka. Kazi iliyotokana na hayo ikapelekwa katika vituo 30 vya kutolea huduma za afya vya mikoa 5, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na ripoti yake ya 2025 ilionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua. Hawakungoja majengo mapya wala madaktari bingwa. Walikuwa wauguzi na wakunga hawa hawa, wakifanya mazoezi na wenzao mlango wa pili kutoka kitanda cha kujifungulia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo kiasi cha kunitia aibu kuliandikia barua ya wazi. Muuguzi wa ajira mpya asipelekwe zahanati ya peke yake kabla hajakaa miezi mitatu katika wodi yenye kazi, chini ya mkunga mzoefu. Akishakwenda, mkunga huyo apewe siku mbili kwa mwezi na mafuta ya pikipiki, amfuate. Asiende na fomu. Aende na mwanasesere, avae aproni, wapokee wajawazito pamoja. Gharama yake ikiandikwa katika mpango kabambe wa afya wa halmashauri haitaonekana hata kwa miwani, ukiilinganisha na ukumbi, chakula na malazi ya semina moja mjini.

Utaniambia watumishi hawatoshi, nikimtoa mkunga siku mbili nani ataziba? Nitaziba mimi, kama ninavyoziba sasa. Mwenzako akiugua, au akifiwa, zamu inazibwa na hakuna anayeandika dokezo. Naogopa zaidi pengo linaloachwa na anayeondoka moja kwa moja.

Tena siku hizo zihesabiwe. Baraza la Uuguzi na Ukunga linatudai alama za mafunzo endelevu ili tuhuishe leseni, na ni haki yake. Ila leo alama hizo tunazitafuta kwa bando letu na nauli yetu, huku usiku ule wa simu, ambao mtu mmoja alifundishwa na mwingine akapona, hauhesabiki popote. PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, nayo inaniuliza malengo yangu ya mwaka. (Huwa naijaza saa kumi alfajiri, watumiaji wengi wa mtandao wakiwa wamelala.) Niruhusuni niandike humo: nimewalea wauguzi wawili. Muuguzi Mkuu wa Mkoa akiliafiki hilo na kulipeleka Barazani kama mpango wa mkoa mzima, litasikika kuliko nikilipeleka mimi peke yangu.

Nije kwenye madaraja, ambako maneno ni mengi na mimi nitasema machache. Mwenzangu mmoja alikwenda masomoni kwa ruhusa, akarudi na shahada. Huu ni mwaka wa tatu anafanya kazi ya afisa muuguzi kwa mshahara wa stashahada, akingoja kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya wenye shahada. Mwaka wa kwanza aliambiwa bajeti haikutengwa. Wa pili, ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, haina nafasi. Wa tatu hajauliza. Sisi tuliosimamishiwa vyeo wakati wa uhakiki wa watumishi wa 2016 tunaijua kimya hiyo. Wengine tulikuja kupandishwa kwa mserereko, yaani kufikishwa kwenye cheo tulichostahili kuwa nacho, baada ya miaka, na tulishukuru. Najua mishahara haiamuliwi mezani kwako, ni mambo ya Mkurugenzi, TAMISEMI na Utumishi. Lakini orodha ya wanaongoja, wa mkoa mzima, kwa majina na miaka, inaweza kuandikwa na ofisi yako na kubandikwa mahali tukaiona. Anayengoja akijua ni wa ngapi kwenye foleni, hungoja vizuri zaidi.

Na nikiwa hapo hapo: kwetu muuguzi akipanda, anapanda kwa kumwacha mgonjwa. Anakuwa mratibu wa hiki au kile, anapata meza, mikono yake iliyozoea inaanza kushika kalamu. Hiyo kazi ya ulezi ninayoiomba ingempa mkunga mzuri cheo cha kukua nacho bila kuondoka leba.

Yule binti ameandika barua ya kuomba uhamisho kwenda mjini. Alipitia kwangu nimsahihishie Kiswahili. Sababu ameandika "matatizo ya kifamilia", ingawa nijuavyo mimi hajaolewa na wazazi wake wako wazima. Nilimrekebishia koma mbili, sababu sikuigusa. Kwa taratibu zetu itakufikia ndani ya mwezi huu. Kabla hujaisaini, mpigie simu. Mpigie usiku, ndiyo saa anayokuwa peke yake.

Wako katika kazi,
Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi