Mechi ya Buffalo haikuwa mbovu, wala si raga

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila Jumapili asubuhi nikitoka zamu ya usiku, kabla sijalala, na huanzia ukurasa wa michezo. Jumapili iliyopita mwandishi wenu aligusia ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, akataja mechi chache alizoziona hazina maana kwa kukosa alama. Mojawapo ni ya Buffalo Bills na New England Patriots ya tarehe 6 Desemba 2021, iliyokwisha Patriots wakishinda 14 kwa 10. Aliiita raga ya Wamarekani, akasema timu zote mbili zilishindwa kucheza. Sentensi tatu, akapita.

Mimi nilikuwepo uwanjani usiku ule. Kwa hiyo naomba nafasi.

Kwetu ni Pangani. Marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi, na baba yangu naye nahodha, akipakia boriti na nazi, Pangani, Pemba na Mombasa, mpaka miguu ilipomkatalia. Hapa Buffalo nipo tangu 2013. Mchezo huu sikuufahamu kabisa miaka miwili ya mwanzo. Aliyenifundisha ni kinyozi mmoja Mkongomani wa Uvira, maana mji huu umejaa watu wa Kivu na Burundi, na Jumapili kwenye kinyozi chake Kiswahili ndicho lugha ya mpira. Yeye ndiye aliyeniambia neno ambalo ningependa mwandishi wenu alisikie: usihesabu alama kwanza, hesabu yadi.

Tuanze na hilo la raga. Kwenye raga huruhusiwi kumrushia mwenzako mpira kwenda mbele kwa mkono. Kwenye futiboli ya Marekani unaruhusiwa, mara moja katika kila jaribio, na hapo ndipo mchezo wote ulipojengwa. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Katikati anasimama mchezaji anayeitwa kwotabeki. Ama ampe mwenzake mpira mkononi akimbie nao, ama aurushe mbali kwa mwenzake aliyekwisha kutangulia. Timu za siku hizi hurusha mara 30 au 40 kwa mechi moja. Sasa fikirini upepo unapoingia hapo. Unaupiga mpira ukiwa hewani, na hewani ndiko karibu kila kocha alikoweka mipango yake.

Uwanja wa Buffalo wa wakati ule ulikuwa Orchard Park, kitongoji kilicho kusini ya mji, na Ziwa Erie haliko mbali. Haukuwa na paa. Upepo uliotoka ziwani ulikuwa ukiingia kwenye bakuli lile la viti zaidi ya 71,000 ukizunguka ndani, hata hukuweza kusema unatoka upande gani. Usiku ule mikupuo ilipita kilomita 60 kwa saa, baridi ikikaribia kugandisha, na chembe za theluji zikipita mbele ya taa kwa ubavu badala ya kuanguka chini. Tikiti nilipewa na mwenzangu wa kazini ambaye mtoto wake aliugua. Kiti kilikuwa nyuma ya goli, safu za chini. Juu ya kila mlingoti wa goli hufungwa utepe mdogo wa kuwaonyesha wapigaji upepo ulivyo. Utepe wa kulia ulikuwa umenyooka kama fimbo. Wa kushoto, kwenye goli hilo hilo, ulikuwa ukipigapiga na kujikunja. Nimekulia chomboni, Mhariri, na sijapata kuona milingoti miwili iliyo hatua chache tu ikipata pepo mbili tofauti. Nikamwambia mzee wa Kimarekani aliyekaa kando yangu kwamba leo hakuna nahodha atakayepandisha tanga zima. Sidhani alinielewa, lakini alinimiminia kahawa kutoka chupa yake.

Mechi ilianza saa mbili na robo usiku kwetu. Huko nyumbani ilikuwa saa kumi na robo alfajiri ya Jumanne.

Kocha wa Patriots alikuwa Bill Belichick, mwenye miaka 69 wakati ule, na kwotabeki wake, Mac Jones, alikuwa chipukizi wa msimu wa kwanza. Mtu mwingine angejaribu kwanza kurusha, aone, halafu abadilishe. Belichick alikwisha kuamua. Katika mechi nzima ya dakika 60, Jones alirusha mpira mara 3. Mara tatu tu! Miwili ilidakwa, ikaleta yadi 19. Kumpata aliyerusha mara chache kuliko hapo ilibidi watu warudi hadi 1974, na waliofanya hivyo mwaka ule walikuwa Buffalo wenyewe, waliorusha mara 2 mbele ya New York Jets na wakashinda.

Badala ya kurusha, Patriots walikimbia na mpira mara 46, wakapata yadi 222. Pale kwetu mtoni, upepo ukiwa mbaya na maji mafupi, baba alikuwa akishusha tanga na kushika pondo. Huendi kasi, lakini unakwenda unakotaka. Belichick alishika pondo. Alimwingiza Michael Onwenu, pande la mtu, awe mzuiaji wa ziada mstari wa mbele, na watu wote uwanjani, sisi wenye viti na wale 11 wa Buffalo waliovaa kofia ngumu, tulijua mpira utakwenda wapi. Utapewa mtu mkononi, utapita katikati. Hapakuwa na siri yoyote. Rhamondre Stevenson, chipukizi mwingine, aliubeba mara 24, na nyingi ya hizo zilikuwa yadi mbili, yadi tatu, akiwa amebebana na watu watatu mgongoni. Nionyesheni ni wapi hapo paliposhindwa kuchezwa mpira.

Robo ya kwanza, Damien Harris alipewa mpira, ukuta wa Buffalo ukaachia ufa, akapita. Yadi 64 bila kuguswa, mpaka akavuka mstari wa mwisho. Hiyo ndiyo tachidauni, alama 6. Kwa kawaida baada yake timu hupiga teke jepesi la kuongeza alama 1, na hakuna anayeliangalia, watu huwa wanakwenda kununua chakula. Usiku ule Patriots hawakuuamini upepo hata kwa teke hilo. Walichagua kuingia tena kwa miguu wapate 2, na Brandon Bolden akaingia. 8 kwa 0. Nilipoona hivyo ndipo nilipojua tumekutana na watu waliokuja na hesabu zao zimekamilika.

Nasema "tumekutana" kwa sababu mimi ni wa Buffalo, na naandika haya nikiwa niliyefungwa.

Na sisi tulipata letu. Timu ikikwama hupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma. Tukapiga. Mpira ukapanda, ukasimama angani, kisha upepo ukaurudisha ukidondoka mahali ambapo hakuna aliyeutegemea. N'Keal Harry wa Patriots alikuwa akikimbia chini yake, hakukusudia hata kuudaka, ukamgusa kofia. Ukishamgusa mchezaji wa upande unaopokea, mpira ni wa yeyote. Wetu wakaurukia wakiwa yadi 14 kutoka mstari wa mwisho, na jaribio lililofuata kwotabeki wetu, Josh Allen, akamrushia Gabriel Davis, tachidauni, na teke likaongeza 1. 8 kwa 7. Yule mzee wa kahawa alinikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka, upepo ukaichukua, na sikuiona tena.

Kutoka hapo hadi mwisho, dakika zaidi ya 45 za mchezo, hakuna timu iliyovusha tena mpira mstari wa mwisho. Ndipo, nadhani, mwandishi wenu alipochoka. Mimi ndipo nilipoacha kukaa kitini. Nick Folk wa Patriots, mtu mzima wa miaka 37, alipiga teke la yadi 41 kati ya milingoti, la alama 3, ikawa 11 kwa 7. Tyler Bass wetu, kijana wa miaka 24, akarudisha 3, ikawa 11 kwa 10. Folk tena, 14 kwa 10. Kila teke uwanja ulikuwa ukinyamaza. Nilimtazama Bass kabla ya teke lake la robo ya nne, yadi 33, umbali ambao siku ya kawaida haukosi. Alitazama utepe wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akainama akatazama majani, na majani yale ni ya bandia, hayawezi kumwambia kitu. Akapiga, mpira ukapita nje. Nilikuwa nyuma ya goli lingine, niliona migongo ya waamuzi tu, nikajua kwa sauti ya watu.

Bado tulirudi. Zikiwa zimebaki dakika mbili hivi Allen alitufikisha karibu kabisa. Jaribio la nne, la mwisho, tukiwa yadi 18, alama 3 hazitusaidii, lazima kuvuka. Allen akarusha. Mkono wa Myles Bryant wa Patriots ukafika kabla ya mpira kumfikia aliyerushiwa. Basi.

Baada ya mechi kocha wetu wa wakati ule, Sean McDermott, alisema watu wasimpe Belichick sifa kupita kiasi. Nampenda McDermott na namwelewa, maana alikuwa na uchungu, na ni kweli nafasi tulizipata tukazipoteza wenyewe. Lakini kwa hili sikubaliani naye. Hali ya hewa ilikuwa moja kwa wote wawili. Allen alirusha mara 30, wenzake wakadaka 15. Sisi tulibishana na upepo na wenzetu waliuacha upite.

Kesho yake nilimpigia baba simu Pangani nikamweleza yote, yadi, milingoti, pepo mbili. Hajawahi kuuona mchezo huu maisha yake. Aliuliza yule mzee wa upande wa pili alishusha tanga saa ngapi. Nikamwambia, kabla ya kuondoka bandarini. Akasema, "Huyo ni nahodha." Mtu ambaye hajui hata umbo la mpira aliielewa mechi kwa dakika tano za simu.

Sasa mniruhusu niwakumbushe jambo la nyumbani. Siku 5 baada ya mechi hiyo, tarehe 11 Desemba 2021, Simba na Yanga walikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa wakatoka 0 kwa 0. Ndugu zangu walinijazia simu kwa ujumbe wa sauti wiki nzima: nani alimkaba nani, kocha gani aliogopa, kiungo gani alikata njia. Hakuna aliyesema timu zilishindwa kucheza. Hakuna bao hata moja, na barazani pale karibu na kivuko walibishana mpaka kahawa ikaisha. Kwa nini basi jicho hilo hilo lisitumike kwa mchezo wa watu wengine?

Wanaotaka alama nyingi nao wamo, na siwalaumu. Tarehe 15 Januari 2022 timu hizo hizo zilirudi uwanja huo huo, baridi kali kupita ile lakini upepo umetulia, na Buffalo tukawafunga 47 kwa 17 katika mchujo. Nililia kwa furaha. Lakini kwenye kinyozi, wateja wakianza kukumbushana, hiyo ya 47 inasimuliwa kwa sentensi moja, na ile ya 14 kwa 10 inachukua kichwa kizima, kunyoa na kuosha. Pittsburgh hivyo hivyo. Huko bado wanasimulia Jumatatu ya tarehe 26 Novemba 2007, Steelers na Miami Dolphins, nyasi mpya zimetandikwa juu ya za zamani, mvua ikanyesha, kiwanja kikawa kama jaruba la mpunga. Mpira mmoja uliopigwa juu ulishuka ukachomekwa kwenye tope, ukasimama palepale. Ilikuwa 0 kwa 0 mpaka sekunde 17 za mwisho, Jeff Reed alipopiga teke la yadi 24. Ikaisha 3 kwa 0.

Hapa Orchard Park umejengwa uwanja mpya ng'ambo ya barabara. Wapo waliotaka uwe na paa, tukae na joto, Desemba iwe kama Agosti. Haukuwekewa paa la kufunika kiwanja, na mimi, mtoto wa Pangani ambaye mpaka leo navaa soksi mbili mbili, nilifurahi kuliko nilivyodhani ningefurahi.

Ninaloomba, Mhariri, ni mambo mawili. Rekebisheni neno raga, kwa sababu vijana wanawasoma. Na mwandishi wenu aitafute mechi hiyo aitazame robo ya nne nzima, siyo vile vipande vya dakika mbili vya kwenye simu. Aanzie Bass anapoinua macho kutazama utepe wa kulia, kisha wa kushoto.

Wenu,
Msomaji wa Pangani, aliyeko Buffalo, New York