Dagaa wakiongezeka, tujue ni sheria au ni upepo

Ndugu Mhariri,

Tangu uvuvi katika Ziwa Tanganyika ufungwe kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mjadala wa dagaa umekuwa wa makokoro, matundu ya nyavu na taa za wavuvi. Maji yenyewe hayatajwi.

Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, lakini oksijeni huishia kati ya mita 100 na 200. Chini ya hapo samaki hawaishi, ila bakteria wamejaa tele. Mabaki ya viumbe yanapozama na kuoza, naitrojeni yake hubaki huko ikiwa amonia, nayo ni mbolea ambayo vijimea vya juu, vinavyolisha vidudu wanaoliwa na dagaa, huisubiri. Haipandi yote. Pale oksijeni inapokwisha wapo bakteria wanaovuta pumzi kwa kutumia nitrati (muungano wa naitrojeni na oksijeni, nao ni mbolea) badala ya oksijeni, na wapo wengine wanaounganisha amonia na nitriti, ndugu ya nitrati yenye oksijeni pungufu. Wote huishia kutoa gesi ya naitrojeni, ileile iliyo asilimia 78 ya hewa, ambayo vijimea vingi haviwezi kuitumia. Ndivyo bahari inavyopoteza naitrojeni mbele ya pwani za Peru na Chile, na mwaka 2006 watafiti walichapisha ushahidi kwamba kundi hilo la pili, ambalo lilitambuliwa kwanza katika majitaka ya kiwandani huko Uholanzi, linafanya kazi katika ziwa letu pia.

Kinachoinusuru mbolea iliyobaki ni upepo wa kusi, ambao kati ya Mei na Septemba huyakoroga maji na kuipandisha. Maji ya juu yakizidi kupata joto huelea kwa ukaidi juu ya yale ya baridi, na mkorogo hupungua.

Tazama basi tarehe za kufunga ziwa: ni majira yaleyale ya kusi. Mimi si mtetezi wa kokoro, na sipingi ziwa kupumzishwa. Ila dagaa wakijaa mwaloni Kibirizi mwezi Septemba, tutatenganishaje kazi ya sheria na kazi ya upepo? Naomba takwimu za samaki zinazotolewa kwa wananchi ziambatane na vipimo vya joto, oksijeni na nitrati vya miezi hiyohiyo, kwa kila kina hadi mita 200. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapahapa Kigoma.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Ujiji, Kigoma