Pampu ya upepo ikisimama, tusikimbilie kulaumu upepo

Ndugu Mhariri,

Pampu ya upepo, ile inayovuta maji ya kisima kwa gurudumu la mapanga juu ya mnara, ikikaa miezi bila kutoa maji, kamati nyingi za maji huwa na jibu moja: eneo hili halina upepo. Naomba kabla ya kung'oa mnara na kununua jenereta, watu watazame kwanza miti inayoukinga upepo usifike kwenye gurudumu. Nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikipungua nusu, nguvu inayobaki ni moja ya nane tu. Gurudumu la kipenyo cha mita 3, kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde, huinua takriban lita 800 kwa saa kutoka kina cha mita 20. Upepo ukishuka hadi mita 3 kwa sekunde, ni kama lita 350. Mwarobaini uliopandwa kando ya kisima siku mnara unasimikwa, ndio huo unaokausha tangi miaka kumi baadaye. Gurudumu lote liwe juu ya chochote kilicho ndani ya mita 100, kwa mita 6 au zaidi.

Gurudumu likizunguka na maji hayatoki, kosa liko chini. Mapanga huzungusha ekseli, giaboksi hugeuza mzunguko huo kuwa wa kupanda na kushuka, na fimbo ndefu huvuta pistoni ndani ya silinda iliyozama majini. Funga breki, tenganisha fimbo na giaboksi, uinyanyue: ikiwa nyepesi kupita kawaida, imekatika. Ikiwa nzito kidogo na maji ni haba, vikombe vya ngozi vya pistoni, vinavyozuia maji yasipenye pembeni yake, vimeliwa na mchanga. Maji yanayochelewa kila baada ya usiku usio na upepo huashiria vali zinazovuja au bomba lililolegea kwenye maungio.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kubadilisha silinda ya inchi 2 kwa ya inchi 3 ili "maji yaongezeke". Uzito wa maji unaoinuliwa huzidi mara mbili, na gurudumu hushindwa kuanza kuzunguka upepo ukiwa mdogo, yaani saa nyingi za siku.

Oili ya giaboksi ibadilishwe kila mwaka. Nazo halmashauri zinapokabidhi pampu kijijini, zikabidhi pia jozi mbili za ngozi na winchi ya kuvutia mabomba. Bila winchi, hata ngozi ikiwepo stoo haitafika kwenye pistoni.

Fundi wa pampu za maji,
Singida