Sufuria Ikiungua, Usiikwangue: Tuletee Hivyo Hivyo

Kila Jumatatu asubuhi, hapa dukani kwetu Arusha, tunapokea masufuria tuliyokodisha kwa harusi, vipaimara na misiba ya mwisho wa wiki. Mengi hurudi vizuri. Machache hurudi na mistari mirefu ya kisu chini kabisa, pale pilau iliposhika. Mteja alihangaika nayo usiku kucha ili asituudhi, na kumbe kisu ndicho kinachotuudhi. Sufuria iliyoungua tunaisafisha, lakini iliyokwanguliwa hatuna la kuifanya. Chakula cha safari ijayo kitanasa kwenye mikwaruzo ileile.

Wateja wageni, hasa waliotoka Pwani, hushangaa kwamba maharage waliyoyazoea huku yanawaungulia. Tatizo si sufuria zetu. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Maharage na makande hukaa jikoni muda mrefu zaidi, maji yanapungua, mpishi yuko ukumbini anapiga soga. Maadamu maji yapo, chini ya sufuria hakuchomi sana. Yakishakauka, joto linapanda ghafla, wanga na sukari vinageuka mkaa unaong'ang'ania bati. Loshoro, yaani makande ya maziwa mgando, na mtori wa ndizi ni wakorofi zaidi, maana uzito wao hauwaruhusu kuzunguka. Wanatulia chini kimya kimya mpaka usikie harufu.

Ikishatokea, ondoa kile kilichosalimika juu bila kugusa chini, kisha acha sufuria ipoe yenyewe. Kumwagia maji baridi sufuria ya moto hukunja kitako chake. Ukiiweka kwenye jiko la gesi inayumba, na pale inapogusa moto ndipo itakapounguza tena. Ikipoa, tia maji ya uvuguvugu yafunike palipoungua, ongeza sabuni ya maji kidogo, chemsha kwa moto mdogo kama dakika 20, halafu zima na uache mpaka asubuhi. Maji yanapenya chini ya ule mkaa na kuunyanyua. Asubuhi mwiko wa mbao unatosha. Pakibaki mabaka, rudia, usiongeze nguvu. Mwishoni tunapitisha dodoki na majivu laini yaliyochekechwa. Stilwaya tunayo, lakini imefungiwa kabatini.

Wengi hutuuliza kama magadi yanafaa kutolea mkaa. Hapo tuna kisa chetu. Kijana mmoja aliyekuwa anatusaidia aliamua kuharakisha kazi kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, iliyo kali kuliko magadi. Bila moto wowote, maji yalianza kutoa povu na mvuke. Uchafu ulitoka kweli, ila sufuria ya kupikia kilo hamsini ilibaki nyeusi na kitako kimekuwa chembamba. Alumini ina ngozi nyembamba inayoilinda, na kostiki inaila ngozi hiyo, kisha inaila alumini yenyewe, huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka. Magadi ya kawaida, yale tunayotia kwenye makande, ni mapole zaidi, lakini nayo huifanya alumini iwe nyeusi. Bekingi soda tunaitumia kwenye sufuria za stenlesi tu. Kama alumini yako imeshakuwa nyeusi ndani, chemsha maji yenye ndimu, siki au ukwaju. Weusi hutoka bila kusugua.

Vikaango vya nonstiki hatuvipokei kwa matengenezo. Loweka tu, osha kwa kitambaa laini. Kikianza kuachia magamba, kazi yake imekwisha, na usikiache kitupu juu ya moto mkali: ule utando huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi.

Masizi ya nje ni habari nyingine, na hapo mama zetu walishamaliza kazi zamani. Kabla ya kupika kwa kuni, paka nje ya sufuria udongo au majivu yaliyokorogwa na maji. Baada ya shughuli masizi yanaondoka pamoja na udongo kwa maji tu. Mteja anayefanya hivyo hatumtozi kusugua nje.

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Sakina alikuja na sufuria yake mwenyewe, si ya kukodi. "Mwanangu, nimeisugua mpaka kucha zimekatika." Tuliichemsha mara mbili, ikatoka. Sufuria zenu za nyumbani tunazipokea pia, Jumanne hadi Alhamisi. Unaiacha leo, unaichukua keshokutwa. Bei tunapatana baada ya kuona ukubwa wake na kina cha mkaa.

Na ule ukoko wa pilau ambao haujawa mkaa, tafadhali uleni hukohuko. Msiturudishie.