Aliyelazwa mezani bado ana pigo lake

Shangani, Mtwara

Swahiba Hamisi, salaam aleikum,

Ubishi wenu wa huko Lindi, nani ameshinda katika mchezo wa vita vya sanamu mezani pale majemedari wawili wanapouana kwa pamoja, hautokani na dadu. Kuna swali hamkulijibu kabla ya kuanza: sanamu iliyouawa inatoka mezani lini?

Kila mchezo una jibu lake. Katika One Page Rules, michezo ya vita vya sanamu ambayo kanuni zake za msingi hupatikana bure, kikosi kilichovamia hupiga kwanza, waliouawa huondolewa, ndipo waliosalia hujibu. Katika X-Wing, mchezo wa meli za anga za Star Wars, toleo la pili la 2018, meli zenye namba sawa ya kutangulia huhesabiwa kuwa zimepiga pamoja: iliyoharibiwa hubaki mezani mpaka zote za namba hiyo zimalize kupiga. Njia zote mbili ni za haki. Tatizo ni kuzichanganya.

Piga hesabu uone. Askari 6 kwa 6, kila mmoja dadu 2, dadu inagonga ikionyesha 4 kwenda juu, na aliyegongwa anatupa dadu ya kinga, naye anapona kwa 4 kwenda juu. Mvamizi anatupa dadu 12. Kwa wastani 6 zinagonga, 3 zinaua. Wafu wakitoka hapo hapo, watatu waliobaki wanajibu kwa dadu 6, na mvamizi anapoteza mtu mmoja au wawili. Wakipiga pamoja, anajibiwa kwa dadu 12 na kupoteza 3. Faida yote ya kutangulia imekwisha. Ndiyo maana hairuhusiwi kubadili katikati ya mchezo, hata mtu akinuna.

Mkichagua kupiga pamoja, laza sanamu ubavu, usiinyanyue, kwa sababu ikishatoka mezani pigo lake husahauliwa. Vile vinyago vya mpingo vyenye mkuki mwembamba usivilaze kabisa, ncha itakatika. Weka komwe moja la bao juu ya kitako. Tupeni dadu kwa wakati mmoja, nyekundu na nyeupe. Halafu hili wengi hulikosea: nyongeza anayowapa jemedari watu wake inabaki ilivyokuwa mwanzo wa pambano, hata kama yeye ameshalazwa. Majemedari wote wakifa, mimi nasema sare, na eneo halina mwenyewe. Kumpa ushindi aliyetangulia kutupa dadu ni dhuluma.

Kuhusu pigo la kujibu katika One Page Rules: ni hiari. Kikosi kikishapiga mara ya kwanza katika raundi, kwa kuvamia au kwa kujibu, kinachoka, na mpaka raundi iishe kinagonga kwa 6 tu. Kwa hiyo kama zamu yako bado, kunyamaza kunakuachia uvamie kwa nguvu kamili. Ila majeraha hulinganishwa baada ya majibu, na aliyesababisha machache hupimwa moyo, yaani hutupa dadu kuona kama atavunjika moyo. Ukiwa umejeruhiwa, usipojibu umeshindwa ulinganisho huo, na kikosi kilichobaki nusu au pungufu kikifeli kipimo kinatoka chote. Nikiwa na wawili kati ya sita, najibu.

Silaha yenye sifa ya Counter hugeuza mpangilio: inapovamiwa hupiga kwanza, na wavamizi walioanguka hawapigi tena.

Dadu nyekundu 12 nimezifunga pamoja na barua hii, nyeupe mnazo.

Wako,
Rashidi