Kompresa ya mashine si lazima kwa anayeanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaowaambia vijana kwamba bila kompresa ya mashine, kifaa halisi cha kubana sauti ili kelele kubwa na ndogo zisipishane sana, wimbo wa nyumbani haukolei. Narekodi chumbani kwangu, na nilidunduliza muda mrefu hadi nikapata mashine ya mtindo wa 1176, kompresa maarufu ya studio aliyoibuni fundi sauti Mmarekani Bill Putnam mwaka 1967. Siku ya kwanza nikamrekodi mdogo wangu. Swichi yake ya kasi ya kubana, ukiizungusha kulia, inaongeza kasi. Mimi nilidhani inapunguza. Kila “p” na “t” ikafifia, kana kwamba anaimba chini ya blanketi. Sauti ilikuwa imeshabanwa kabla ya kufika kwenye kompyuta, haiwezi kurudishwa ilivyokuwa. Tukarudia wimbo mzima, na koo lake limeshachoka.

Kwenye kompresa ya programu ya kompyuta, sauti ghafi inabaki salama. Nabadilisha uwiano, yaani kiasi cha kubana, kutoka 4:1 hadi 8:1 hata wiki ijayo, na kompresa hiyohiyo naiweka kwenye ngoma, besi na waitikiaji kwa pamoja. Mashine yangu ina chaneli moja tu. Naipenda, sauti ya mwimbaji hukolea ikipita humo. Lakini anayeanza, fedha hiyo aipeleke kwanza kwenye maikrofoni na kuzuia mwangwi wa chumba.

Msomaji wenu, mrekodi wa nyumbani